Kisima cha Babu na Choo cha Haji

Jumatatu, 4 Agosti

Nimechota maji kabla ya shule kama kawaida. Kamba ya kisima imechakaa, inakata viganja. Nikamjazia Bibi mtungi wake kwanza, maana maji ya bomba hanywi. Anasema yana harufu ya chuma.

Dada Salma naye alikuwepo kisimani. Kavaa glovu. Anazamisha kichupa kwa uzi, anakifunga, anakiandika ubavuni, anakiweka kwenye kiboksi chenye barafu. Akina mama wenye ndoo wamesimama wanamtazama.

"Msomi, hayo maji unayapeleka Ulaya?"

"Nayapeleka mjini tu, mama. Yakipata ruhusa yatarudi."

Wakacheka wote. Mimi ndiye niliyeona aibu. Sijui Salma anawezaje. Mimi mwalimu akinisimamisha darasani, jibu ninalo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza pia, lakini mdomo hautoi lugha yoyote.

Salma alihitimu chuo mwaka juzi, afya ya mazingira. Ajira hakuna. Anajitolea kwenye maabara moja Kigoma mjini, na Jumamosi anafundisha watoto madrasa. Anasema kote ni ibada. Mimi naona kote ni bure. Sijamwambia.


Alhamisi, 7 Agosti

Leo mwanafunzi mwenzangu kaniuliza kwa nini watu wakichota maji pale msikitini wanataja jina langu. Hakukulia Ujiji, baba yake ni mtumishi kahamishiwa hapa. Nimeshindwa kumweleza nikaishia kuinua mabega.

Ningemwambia hivi. Kisima kile alikichimba babu yangu, Mzee Athumani, kwa mikono yake, akakitoa wakfu kwa msikiti. Mimi nimerithi jina. Mtu kabla hajajitwika ndoo husema "Mungu amrehemu Athumani." Hakuna aliyeamrisha, imekuwa hivyo tangu alipofariki. Bibi anakaa kizingitini kwetu, ng'ambo ya njia, anasikia jina la mumewe kutwa nzima. Anasema kila ndoo ni thawabu inayomfikia Babu kaburini, na ikikatika, Babu atabaki peke yake kule.

Mimi nikisikia huwa nashtuka kidogo. Kama vile nimeshakufa.


Jumamosi, 9 Agosti

Majibu yametoka. Maji ya kisima yana bakteria wa kinyesi. Wengi sana, Salma anasema hajawahi kuona vile.

Katueleza wakati wa chakula, Bibi akiwa chumbani kwake amelala. Chanzo hakihitaji hata maabara. Choo cha msikiti kiko upande wa juu, jirani kabisa na kisima, na shimo lake ni refu. Kilijengwa na Haji Maulidi, tajiri wa dagaa. Kabla ya hapo maji yalikuwa salama, chuo chao kiliwahi kuyapima wakati Salma bado mwanafunzi. Juu ya mlango wa choo pameandikwa kuwa ni sadaka kwa ajili ya marehemu mama yake.

Baba akaacha kula.

"Kisima sema. Choo usikitaje."

Baba ndiye msimamizi wa dagaa wa Haji kule Kibirizi. Kila mtu nyumbani anajua maana ya sentensi ile. Salma akanitazama mimi, sijui kwa nini. Nikaangalia sahani.


Jumapili, 10 Agosti

Wamebishana kutwa, kwa sauti za chini ili Bibi asisikie. Salma anasema kuficha anachokijua ni dhambi. Baba anasema na kuwaaibisha wazazi waliokufa je? Hivi mtu umwendee umwambie sadaka ya mama yako inalisha watu uchafu? Mama anasema punguzeni sauti.

Mwisho Salma amekubali. Kasema jambo la kwanza ni watu waache kunywa, choo kitasemwa baadaye, taratibu.

Nimemkasirikia kuliko ninavyomkasirikia Baba. Baba hajasoma mambo haya. Yeye kayasomea.


Ijumaa, 15 Agosti

Kamati imekaa kibarazani msikitini baada ya sala. Sheikh Bakari kampa Salma nafasi ya kuzungumza, jambo ambalo sijawahi kuliona kwa mwanamke. Kazungumza vizuri mno. Wazee wanatikisa vichwa. Kaeleza kuhara, homa ya matumbo, watoto wadogo. Kasema uchafu unatoka karibu na kisima.

Mzee mmoja akauliza, "Karibu wapi, mwanangu?"

Baba anahesabu tasbihi.

"Uchunguzi unaendelea," Salma akasema.

Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake.

Haji Maulidi akasimama. Mtu mpole yule, hilo ndilo linaloudhi. Angekuwa mkorofi ingekuwa rahisi. Akasema, "Allah akulipe, binti yetu. Umetuokoa." Akaahidi kisima kitazibwa kwa zege, gharama zake, na tangi la maji ya bomba ataliweka yeye. Mtu akapiga takbiri. Wote wakaitikia. Salma akabaki ameinamisha kichwa, wakadhani ni haya.

Nilikuwepo. Nilijua. Nilikaa karibu na viatu mpaka kikao kikaisha.

Tulipofika nyumbani Bibi alishaambiwa na jirani. Alimuuliza Salma swali moja tu.

"Umekiua kisima cha babu yako, na mimi nasikia kwa watu?"

Hakungoja jibu. Tangu hapo hajamsemesha.


Jumamosi, 16 Agosti

Bibi kaenda kisimani mwenyewe na kikombe cha bati. Akachota mbele ya watu, akasema "Mungu amrehemu Athumani" kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, akanywa chote. Akakigeuza kikombe juu chini waone.

"Haya. Nimekunywa ujana wangu wote hapa. Mwenye mkeka wa maiti auweke karibu."

Watu walicheka mpaka basi. Salma alikuwa dirishani. Hakucheka.


Jumatano, 20 Agosti

Bibi mzima kabisa. Kila siku kikombe kimoja, mbele ya watu. Hata tumbo halijamnguruma.

Salma kanieleza kwamba mtu mzima aliyezoea anaweza asidhurike, na kwamba kwenye nyumba za kule chini watoto kadhaa wanaharisha. Ni kweli wanaharisha. Ila mama zao wanasema wamekula mihogo mibichi. Barabarani vijana wanampigia kelele: "Msomi! Bibi keshakufa?" Wanamtania mtu ambaye anawahangaikia wadogo zao.

Naandika hili kwa sababu hakuna atakayesoma. Leo asubuhi nilijikuta naomba Bibi aumwe tumbo. Kidogo tu. Kiasi cha watu kuamini. Kisha nikaogopa nikaomba msamaha. Mtu gani anamwombea bibi yake ugonjwa?


Ijumaa, 22 Agosti

Nimesema.

Nilikuwa namsaidia Bibi kuchambua mchele. Mimi ananiita mume wangu, kwa sababu ya jina. Kwake yeye mdomo wangu haufungi, labda kwa sababu haniangalii, anaangalia ungo.

Akasema, "Mume wangu, hivi yule mwenzako alikosa nini kwetu mpaka aje kumfuta babu yake?"

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia kisima hakina kosa. Nikamwambia choo.

Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Nani mwingine anajua?"

"Sote, Bibi."

"Sote wa humu ndani?"

"Ndiyo."

Akaendelea kuchambua. Punje baada ya punje, mpaka mchele ukaisha. Afadhali angenitukana.


Jumatatu, 25 Agosti

Sikwenda shule.

Fundi kaja alfajiri na toroli, saruji na kokoto. Mgeni kutoka Kasulu. Akakuta Bibi kaketi juu ya mfuniko wa kisima, kajitanda kanga, miguu kainyoosha kama yuko sebuleni.

"Mwakeye, Bibi," fundi akamwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, baba. Nimwagie zege lako hapa hapa. Sitoki."

Fundi akacheka, akadhani utani. Akangoja. Akaacha kucheka. Njia ikajaa watu. Mama akamsihi, Baba akamsihi, Sheikh Bakari akaja akamsihi kwa adabu zote. Bibi kama hasikii. Mwisho Haji akaitwa. Kashuka kwenye gari na kanzu yake nyeupe, akachuchumaa mbele ya Bibi kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Maulidi." Bila Haji. Watu wakatazamana. "Mama yako alichota hapa mpaka anakufa. Nilikuwa namtwisha ndoo mimi. Alikuwa na jino la dhahabu, akicheka linawaka."

"Ni kweli, mama."

"Basi mavi ya msikiti mzima yanaingia humu, na juu ya mlango umeandika jina lake. Ziba kisima. Kesho choo chako kitaingia kisima cha nani?"

Haji hakukasirika. Aligeuka taratibu akamtafuta Salma, akamwona mlangoni kwetu.

"Kweli hayo, binti?"

Salma akamtazama Baba. Baba akatazama chini.

"Kweli, Haji. Nilitakiwa niseme siku ile ile kibarazani. Nisamehe."

Haji akavua kofia, akaivaa tena, akaondoka kwa miguu. Gari akaliacha. Fundi akauliza, "Sasa hili zege lililokwishachanganywa nimwage wapi?"


Alhamisi, 28 Agosti

Baba kaambiwa apumzike kwanza. Sio Haji aliyemwambia, kamtuma mtu. Kibirizi kuna msimamizi mwingine.

Baba anajua ni mimi. Hakunipiga. Kaniita ukumbini akaniuliza, "Ulishindwa kuja kuniambia mimi?"

Sikujibu, kama kawaida yangu. Lakini hapa ninajibu. Wewe ulikuwa unajua, Baba. Ningekuambia nini? Nimekuwa msaliti kwa kusema kitu ambacho nyumba nzima ilikuwa inakila pamoja na ugali.

Salma kanishukuru. Kasema nimefanya alichopaswa kufanya yeye. Halafu akalia, na mimi sijui kukaa na mtu anayelia, nikatoka nje. Sitaki kushukuriwa. Haukuwa ushujaa. Nilichoka tu kuona Bibi anamchukia mtu asiyestahili.


Ijumaa, 5 Septemba

Msikiti ulijaa leo. Watu walikuja kusikia Sheikh Bakari atasema nini.

Kahutubia kuhusu kusengenya.

Nilitaka kucheka na kulia. Maji machafu, choo kichafu, na sisi tunaambiwa tuchunge ndimi. Salma kutoka upande wa wanawake kasikia yote. Kafika nyumbani kavua ushungi kautupa kitandani, kasema, "Miaka yangu yote ya chuo, na mtu bado anaona tatizo ni kusema." Halafu kaenda kuswali sunna, muda mrefu. Huyo ndiye Salma. Mimi nikiwa na hasira siwezi kuswali. Yeye hasira ndizo zinampeleka.

Ila nikiwa nafagia uani nilimwona Sheikh kaja kwa Bibi, kakaa chini, hakuletewa kiti wala hakuomba. Walizungumza kwa muda. Sikusikia.


Jumapili, 7 Septemba

Choo kimetiwa kufuli. Kafanya Haji mwenyewe, kabla ya sala ya alfajiri, bila kumwambia mtu. Kisima nacho Salma kakifunga mnyororo, kwa ruhusa ya Sheikh. Bibi hakuzuia. Hakusema asante pia.

Sasa waumini wanabanwa wanakimbilia majumba ya jirani, wanalaani. Kejeli mpya mtaani: "Msomi kafunga kisima, kafunga choo. Bado msikiti."

Na kuna kimya. Sikutegemea kimya kile. Bibi anakaa kizingitini vilevile, anatazama ng'ambo ya njia, na hakuna anayemtaja mtu yeyote. Nikaenda nikakaa naye. Nilitaka kulitaja jina mimi. Nikaona litakuwa jina langu, nikanyamaza.


Jumanne, 16 Septemba

Haji kaja nyumbani jioni. Shati la kawaida, amekonda. Baba kamtolea kiti, kakipangusa wakati kilikuwa safi. Sikupenda kumwona Baba anapangusa.

Hakumtafuta Baba. Kamwambia Salma amwonyeshe shimo jipya lichimbwe wapi. Wakaenda, nikawafuata na futi kamba ya fundi. Salma kamwonyesha upande wa chini, mbali, na namna ya kujenga shimo lisivuje. Kila kitu Haji anasema sawa. Kisha akasimama, akauliza kwa sauti ndogo:

"Muda wote ule tangu nikijenge. Mama yangu anaandikiwa nini?"

Salma akafikiri.

"Mimi najua maji tu, Haji. Hayo muulize Sheikh."

"Nimemuuliza. Kasema nia."

"Basi."

"Bibi yako anaamini nia?"

Mimi ningeweza kumjibu. Bibi anaamini ndoo.

Aliondoka bila kuzungumzia kazi ya Baba. Nilidhani angezungumzia. Kwenye hadithi za darasani angezungumzia. Baba alirudisha kiti ndani, akasema atajaribu kubeba mizigo Kibirizi mpaka apate kazi nyingine. Msimamizi mzima anakwenda kubeba magunia aliyokuwa anayaandikisha.


Jumapili, 28 Septemba

Shimo limechimbwa. Wamekuja wengi, hata wale wa "bado msikiti". Hawakuomba radhi, wamechimba tu. Nimechimba nao mpaka malengelenge yakapasuka. Ukiwa na sururu hakuna anayekutaka uzungumze. Baba alikuwa upande wa pili wa shimo. Tulipokezana karai la udongo siku nzima, na jioni akaniambia nisitie maji ya chumvi kwenye vidonda, nipake mawese. Ni maneno mengi kuliko ya mwezi mzima.

Haji naye alichimba. Vibaya. Fundi wa Kasulu alimnyang'anya jembe: "Haji, wewe utatuua na kutuzika humu humu." Akacheka, kwa mara ya kwanza.

Bibi katuma sufuria la uji wa wachimbaji. Kanikabidhi kikombe cha pembeni, kina kifuniko.

"Na hiki mpelekee yule."

Yule. Lakini kilikuwa na sukari nyingi, kama Salma anavyopenda.


Jumamosi, 11 Oktoba

Salma kaleta majibu ya kipimo kipya. Bado machafu. Kidogo nafuu, ila bado.

Hakwenda kwa Sheikh, hakwenda kwa Baba. Kapitiliza na mkoba wake begani mpaka kwa Bibi, akachutama. Kamwambia choo cha zamani kimenyonywa na kufukiwa, lakini uchafu uliokwishazama ardhini hautoki kwa siku moja. Huenda masika yote. Huenda zaidi. Kamwambia hawezi kumwahidi. Alikuwa anatafuta maneno, yule aliyezungumza mbele ya kamati nzima.

Bibi alikuwa anamenya maharage. Hakuinua uso.

"Na mnyororo ubaki?"

"Ubaki, Bibi."

"Na watoto wa kule chini?"

"Hawaharishi tena."

Bibi akasogea kwenye mkeka, akaacha nafasi. Salma akakaa. Akachukua maharage na yeye. Mimi nilikuwa mlangoni na kitabu cha kemia ambacho nimekishika bila kukisoma. Baba alikuwa hajarudi kutoka kubeba magunia Kibirizi.

Wingu lilikuwa limetanda upande wa ziwa tangu mchana, na mvua ikaanza, ya kwanza, nzito, harufu ya vumbi ikapanda. Hakuna aliyenyanyuka. Walivuta mkeka tu ndani kidogo.

Baadaye nikamsikia Bibi anauliza hii mvua ikishuka inapita wapi huko chini mpaka ikafika kisimani. Salma akaweka maharage pembeni, akaanza kumweleza, polepole, tangu juu kabisa.